Betri ya 48V 13Ah inakata kilomita ya 27 na spoku za nyuma zinakatika: ninunue betri ya pili?

pedali_tanga

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wenye vipimo, maana hela ya betri ya pili inakaribia kutimia na sitaki kuitupa.

Baiskeli ni fremu ya chuma, rimu 26, mota ya habu ya nyuma 500W yenye gia ndani, kontrola (kisanduku kinachodhibiti umeme wa mota) 22A. Betri ni lithiamu 48V 13Ah na imefungwa juu ya keria. Juu ya betri kuna kreti. Mzigo wa asubuhi ni mikate 50 ya gramu 400 na madumu mawili ya maziwa ya lita 10. Mpandaji kilo 72, baiskeli pamoja na betri kilo 32. Njia ni Ngamiani, Chumbageni, Pongwe na kurudi, jumla kilomita 38, karibu yote tambarare, na nasimama maduka kama 35. Pedali napiga, eksileta natumia wakati wa kuondoka tu.

Muuzaji alisema kilomita 60. Inakata ghafla kwenye kilomita ya 27 na skrini bado ina vibao viwili kati ya vitano. Nikizima na kuwasha inakwenda kidogo halafu inakata tena. Chaja ni ya 2A na taa yake inageuka kijani baada ya saa nne, hapo naichomoa.

La pili, spoku za nyuma upande wa friwili (wa cheni) zinakatika, moja kila baada ya wiki mbili hivi. Keria nayo imeanza kucheza.

Ninunue betri ya 20Ah niziunganishe pamoja? Na kwa mzigo huu keria ipi inafaa?

seli13

Mkuu, hela iache ilipo kwanza. Jibu umeshaliandika mwenyewe pale uliposema taa inageuka kijani baada ya saa nne.

Chaja ya 2A kwa saa nne inarudisha 8Ah (ampea-saa 8), tena pungufu kidogo kwa sababu mwishoni mkondo hupungua. Betri ya 13Ah iliyokwisha kweli ingechukua saa sita na nusu hadi saba na nusu. Kwa hiyo betri yako inakata ikiwa imetoa 8Ah tu. Zidisha kwa 48V, unapata wati-saa 384. Gawa kwa kilomita 27, unapata wati-saa 14 kwa kilomita.

Wati-saa 14 kwa mzigo wa kilo 40 na vituo 35 ni matumizi mazuri sana. Mtu anayepiga pedali bila mzigo kwenye tambarare hutumia 8 hadi 12. Anayekwenda kwa eksileta tupu na mzigo kama wako, akisimama kila baada ya mita chache, hufika 18 hadi 25. Baiskeli yako haili umeme ovyo. Betri ndiyo haitoi kilichomo ndani yake.

Na hizo kilomita 60 za muuzaji zigawe uone: wati-saa 624 kwa 60 ni kama 10 kwa kilomita. Ni za mtu mwepesi, bila kreti, anayepiga pedali muda wote. Kwa kazi yako betri hiyo ikiwa nzima itakupa kama 40, kwa sababu hupaswi kuhesabu zaidi ya asilimia 90 ya kilichoandikwa. Safari yako ni 38. Inatosha, ila kwa kubana.

Sasa tafuta kwa nini inakata mapema. Utahitaji maltimita tu.

Kwanza, siku itakapokata, iache dakika 15 kisha pima volti kwenye plagi ya betri. Pakiti ya 48V ya kawaida ina makundi 13 ya seli yaliyofuatana. Ikijaa ni 54.6V. Ikipumzika kwenye 52V bado ina kama asilimia 80, kwenye 48V ni kama 40, na kwenye 45V imebaki kidogo mno. Ukikuta 44V, betri imekwisha kweli na huenda hata mwanzo haikuwa 13Ah. Ukikuta 47V au zaidi, kuna kundi moja linaloanguka kabla ya mengine, na bodi ya ulinzi (saketi iliyo ndani ya betri) inakata ili kuliokoa. Bodi haiangalii jumla, inaangalia kundi dhaifu kuliko yote. Skrini yako yenyewe inasoma jumla, ndiyo maana inaonyesha vibao viwili wakati betri imeshakataa.

Pili, shika plagi kati ya betri na kontrola mara tu baada ya kupanda kilima au kuondoka na mzigo mzito. Ikiwa na joto la kuchoma kidole, au plastiki yake imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, hapo volti zinapotea njiani. Badilisha plagi zote mbili, dume na jike, si moja. Plagi ya XT60 iliyolehemiwa vizuri inaitosha kontrola ya 22A.

Tatu, peleka kwa fundi anayejua betri afungue na kupima kila kundi kwenye zile nyaya nyembamba zinazoingia kwenye bodi. Makundi 13 yana nyaya 14. Apime mara mbili: betri ikiwa imejaa, na mara tu baada ya kukata. Vipimo vyote viwili vinahitajika, nitaeleza kwa nini ukishaleta namba. Fundi avue pete na saa ya chuma, na asiache bisibisi juu ya seli. Pakiti ya 48V ikigusana plasi na minasi haina mahali pa kuzima.

Kuhusu kuunganisha 20Ah na 13Ah kwa pamoja: usifanye hivyo moja kwa moja. Moja ikiwa 54V na nyingine 47V, mkondo unakimbia kutoka iliyojaa kwenda iliyopungua bila kizuizi, na nyaya zinaweza kuyeyuka kabla hujatoa mkono. Ukiwa na betri mbili, tumia moja mpaka ipungue, chomoa, chomeka ya pili.

fundi_njiti

Amemaliza seli13 upande wa umeme. Mimi naingia kwenye gurudumu, kwa sababu hilo ndilo litakalokuangusha barabarani.

Angalia spoku iliyokatika. Karibu zote za mota ya habu hukatikia kwenye kona, pale spoku inapopinda kuingia kwenye tundu la habu. Chuma kikikatika hapo, mara nyingi uso wake una sehemu laini iliyosuguliwa na sehemu ndogo chakavu. Ile laini ni ufa uliokuwa ukikua kwa wiki nyingi. Maana yake spoku haikuvutwa kwa nguvu moja ya ghafla, ilichoka kwa kulegea na kukaza kila gurudumu lilipozunguka. Kwa hiyo spoku iliyolegea hukatika kabla ya iliyokazwa. Wengi hudhani kinyume chake, wanalegeza ili "zisikatike", na zinaendelea kukatika.

Kubadilisha moja moja hakutaisha. Zilizobaki zina umri uleule na ufa uleule. Ng'oa zote 36, funga mpya za geji 13. Usishawishike na geji 12 kwa kuwa ni nene. Rimu nyingi hazivumilii mkazo unaotakiwa kuinyoosha spoku nene vile, kwa hiyo inabaki imelegea, na kwenye tundu la habu haikai vizuri. Habu ya mota ni pana, kwenye rimu ya 26 mwambie fundi apitishe spoku kwa mkato mmoja au miwili, yaani kila spoku ivuke nyingine mara moja au mbili tu. Mkato wa mitatu uliozoeleka kwenye habu ndogo unazifanya ziingie kwenye rimu zikiwa zimepinda, na zitaanza kukatikia kule kwenye nati ndogo.

Akimaliza kukaza, abane spoku mbili mbili kwa viganja kuzunguka gurudumu lote ili kona zikae, kisha anyooshe tena. Zigonge kwa kucha: za upande mmoja zote zitoe mlio unaokaribiana. Baada ya kilomita 50 rudi zikazwe upya. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa, na gurudumu jipya linaharibika ndani ya mwezi.

Wakati gurudumu liko nje, angalia ekseli. Mota inapovuta, ekseli inataka kuzunguka kinyume. Kama hakuna kipande cha chuma kinachoishika ekseli na kufungwa kwenye fremu, kiweke leo. Nati zikilegea kidogo tu, ekseli inatafuna mdomo wa fremu, inazunguka, na inasokota waya wa mota unaotokea hapohapo kwenye ekseli. Waya ule ukikatika unaweza kuondoka na kontrola. Uache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda juu, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kufuata waya kuingia kwenye mota.

Sasa mzigo. Jumla ya kilo ulizotaja fremu inazibeba. Kosa ni mahali ulipoziweka. Betri juu ya keria, kreti juu ya betri, maziwa bila shaka juu au ndani ya kreti: karibu kila kitu kiko juu ya gurudumu la nyuma, tena kwa urefu wa kiuno. Panga upya hivi.

Betri iingie ndani ya pembetatu ya fremu. Kama haina bati lake la kufungia, chukua bati la milimita 3, litoboe, lifunge kwenye matundu ya kishikio cha chupa na uongeze vibano viwili vya chuma vyenye mpira ndani. Betri isishikwe na zile skrubu mbili za chupa peke yake. Zinang'oka.

Madumu ya maziwa yashuke pembeni, moja kila upande, kitako kikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 25 hivi. Shona mifuko ya turubai nene yenye mkanda unaopita juu ya keria, na ndani ya kila mfuko weka ubao mwembamba upande wa gurudumu, la sivyo turubai inaingia kwenye spoku. Isogeze nyuma mpaka kisigino kisiguse ukipiga pedali. Dumu lijae au liwe tupu; lililo nusu linachezesha baiskeli kwenye kona. Ukiuza, teremsha pande zote mbili kwa usawa.

Juu ya keria ibaki kreti ya mikate peke yake, kilo 20. Ni pana lakini nyepesi.

Keria: zile za aluminiamu nyingi zina maandishi ya 25 kg, na kwako ni ndogo. Chukua ya chuma, ile ya fito nzito ambayo miguu yake inashuka hadi karibu na ekseli, si inayoning'inia kwenye bomba la siti. Tumia bolti za milimita 6 na nati za chuma zenye nailoni ndani, na weka washa (pete bapa za chuma) pande zote. Hiyo yako inayocheza, vua bolti uangalie tundu: likiwa limekuwa yai, kukaza hakusaidii tena, bolti itakatika. Kama una breki ya diski, hakikisha mguu wa keria hauigusi kalipa.

Kreti ifungwe juu ya plaiwudi ya milimita 9 iliyobanwa kwenye keria, kwa bolti nne na washa kubwa, kichwa cha bolti kikiwa ndani. Mpira wa tyubu uendelee kuutumia kushikilia mikate, upana sentimita 3 hadi 4, ila usiutegemee kubeba kreti nzima. Na nunua stendi ya miguu miwili. Stendi ya mguu mmoja na kilo 40 kwenye mchanga wa pembeni ya barabara ni maziwa kumwagika, na baiskeli ikiangukia upande wa waya wa mota hasara ni kubwa kuliko maziwa.

bi_kreti_msa

Ndugu yangu wa Tanga, hewa ya bahari yetu ni moja, kwa hiyo naongeza ya Mombasa.

Chumvi inakula pini. Kila mwezi chomoa plagi uangalie kama kuna ukijani. Safisha kwa brashi kavu na spiriti, acha ikauke, kisha paka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira unaozuia maji. Baiskeli ya umeme usiipeleke ikaoshwe kwa pampu ya magari. Maji yale yanapenya kwenye beringi ya mota na kwenye kontrola. Kitambaa chenye maji na brashi vinatosha.

Jua nalo. Betri ya rangi nyeusi ikiachwa juani mchana kutwa mbele ya duka inachemka ndani, na lithiamu iliyojaa pomoni halafu ikakaa kwenye joto huzeeka upesi kuliko inayotumika kila siku. Ukirudi nayo ya moto, ngoja nusu saa ndipo uchaji. Chaji ili ijae karibu na muda wa kutoka. Ikiwa utapumzika wiki nzima, iache nusu.

Jambo jingine: una vituo 35, na kimojawapo lazima kina soketi na mwenyeji mwema. Beba chaja. Saa mbili kwa 2A ni 4Ah, karibu wati-saa 190, na kwa matumizi yako hizo ni kilomita 13. Umeme wa kuijaza betri nzima hauzidi uniti moja, kwa hiyo unaweza kumlipa bila kuumia.

Kuchajia nyumbani, sakafu ya saruji, mbali na godoro na mbali na mlango mnaotokea, na mtu awe macho. Betri ikianza kuvimba, kutoa moshi au harufu kali ya kemikali, tokeni nje kwanza wote, kisha pigeni simu zimamoto. Kwenu Tanzania ni 114.

mteremko_arusha

Kwa wasomaji wa milimani, namba za mkuu zisiwadanganye. Kilo 150 kwa jumla kupanda mita 100 kwenda juu zinakula kama wati-saa 55 kwenye betri, sawa na kilomita nne za tambarare. Na mota ya habu ikipanda polepole chini ya 10 km/h inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Zile gia za nailoni ndani yake hulainika na kukatika meno. Huku tafuteni mota ya katikati inayotumia gia za cheni, na mkubali kubadilisha cheni mara kwa mara.

Kwa pedali_tanga, kuna akiba mbili za bure. Kila unapoondoka na uzito huo hadi 25 km/h unatumia karibu wati-saa 1.7. Vituo 35 ni 60, yaani kilomita nne. Anza kwa miguu mizunguko mitatu, ndipo uguse eksileta. Na usipite 25. Upepo unaokupinga kifuani ukiwa 35 km/h ni karibu mara mbili ya ule wa 25. Tairi la nyuma, kama ni la upana wa inchi 2, lijaze psi 50 hadi 55 kwa geji, bila kuzidi kilichoandikwa ubavuni. Kulibonyeza kwa kidole hakupimi kitu.

pedali_tanga

Nashukuru sana wakuu, na wewe Bi Kreti. Nimerudi na namba.

Ilipokata, baada ya dakika 15: 47.5V. Fundi akafungua. Makundi 12 yako 3.68V, kundi la tano liko 3.30V. Baada ya kuchaji hadi taa ya kijani, jumla 54.5V: makundi 12 yako 4.22V, la tano 3.90V. Plagi haina joto, wala haijabadilika rangi.

Fundi anasema aweke seli moja mpya kwenye kundi hilo. Nimkubalie?

seli13

Asikate kitu bado. Hivi ndivyo vipimo viwili vinavyosema.

Kundi la tano lingekuwa 4.2V kama wenzake wakati wa kujaa, halafu likaanguka la kwanza, tungesema seli zake zimechoka na uwezo wake umepungua. Lakini lako linaanza safari likiwa tayari chini, 3.90V. Halijai. Linaanza na pengo na linamaliza na pengo hilohilo. Hiyo ni betri iliyopoteza usawa, na inaweza kuwa seli zake bado nzima.

Bodi ya ulinzi inasawazisha yenyewe, lakini kwa mkondo mdogo sana, mara nyingi miliampea 50 hivi, na kwa kawaida mwishoni kabisa mwa kuchaji. Wewe unachomoa taa inapogeuka kijani, kwa hiyo haipati muda. Pengo lako linakaribia 5Ah. Kwa miliampea 50 hizo ni saa 100. Usingoje.

Mwambie fundi afanye hivi. Betri ichomolewe kwenye baiskeli na kwenye chaja yake. Achukue chaja ya seli moja ya lithiamu, ya 4.2V na 1A, plasi na minasi kwenye vichwa vya kundi la tano lenyewe kwenye zile bati za nikeli, si kwenye nyaya nyembamba za bodi. Achaji akiwa amekaa hapohapo, saa tano hadi sita, akigusa seli kila nusu saa. Seli yoyote ikipata joto kuliko jirani zake, asimamishe, kundi hilo ni bovu. Likifika 4.18V atoe. Kisha aweke chaja kubwa na kuiacha saa tatu zaidi baada ya kijani, mchana, na mtu akiwepo.

Pakiti ikae siku tatu bila kutumika, apime tena. Kundi la tano likibaki sawa na wenzake, ndani ya 0.02V, panda baiskeli. Utaona chaja sasa inachukua zaidi ya saa sita. Likishuka peke yake wakati betri imelala tu, kuna seli inayovuja ndani, na hapo seli zote za kundi hilo zitoke pamoja. Hiyo ya kuweka moja mpya kati ya za zamani ikatae. Za kubadilishia ziwe na uwezo unaolingana na za makundi mengine baada ya kuzeeka, na ziungwe kwa mashine ya kuchomelea nikta. Lehemu ya moto wa mkono juu ya seli inaiumiza kabla haijaanza kazi.

Baada ya hapo, mara moja kwa wiki iache kwenye chaja saa mbili baada ya kijani. Pesa uliyoweka ya betri, toa ya spoku 36, keria na stendi.

fundi_njiti

Spoku usizinunue kwa kukisia. Ng'oa moja nzima kila upande upeleke dukani, pima kuanzia ndani ya kona hadi mwisho wa nyuzi. Kwenye mota nyingi za nyuma upande wa friwili ni mfupi kwa milimita moja au mbili kuliko upande wa pili, na ukichanganya gurudumu halitakaa katikati ya fremu. Nunua nne za ziada, mbili za kila urefu, zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu.